Kabla ya Kutia Sahihi: Mwajiriwa Akigeuzwa Mkandarasi, Kazi Ikiisha Anabaki na Nini?

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya isha, mpwa wangu alibisha mlango wangu hapa Umoja akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Hakungoja hata chai.

"Mjomba, nisomee hizi karatasi. Jumatatu wanazitaka."

Kijana huyu alitoka Kisauni miaka mitano iliyopita kuja kutafuta maisha Nairobi, kama tulivyokuja wengi wetu. Amefanya kazi miaka minne katika bohari moja ya Eneo la Viwanda. Asubuhi hupanda matatu ya Jogoo Road, na mwisho wa mwezi ukiwa mbaya hutembea kwa miguu. Mshahara wake ni shilingi 30,000 kabla ya makato. Hapa Umoja anakaa chumba cha shilingi 9,000 kwa mwezi, na kila mwezi kuna kitu kinachokwenda nyumbani kwa mamake.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kujiuzulu, imeshapigwa chapa tayari, imebaki jina na sahihi. Ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake mwenyewe, anaacha kazi. Ya pili ilikuwa kandarasi ya mwaka mmoja ikimwita "mkandarasi huru", kwa malipo ya shilingi 33,000 kwa mwezi. Kazi ni ile ile na saa ni zile zile. Sare na msimamizi havibadiliki.

"Mkandarasi wa nini, mjomba?" akaniuliza akicheka. "Mimi sina hata toroli."

Nilicheka naye, lakini kicheko hakikunikaa vizuri. Karatasi kama hiyo niliwahi kuitia sahihi mimi mwenyewe mwaka 2019, katika kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Niliongezwa pesa kidogo, nikaona nimepanda cheo. Machi 2020 korona ikaingia nchini, na kabla ya mwezi kwisha nikapigiwa simu kwamba kandarasi imesimamishwa. Nilipouliza malipo ya mtu aliyepunguzwa kazini, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba malipo hayo ni ya waajiriwa, na mimi si mwajiriwa. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka sita. Kwenye karatasi nilikuwa na miezi saba.

Ndiyo sababu naandika haya. Jambo hili si la bohari moja wala si la Nairobi pekee. Vijana wetu walio bandarini Mombasa, walio katika mahoteli ya Diani na Malindi, wote wanaletewa bahasha hizi. Na swali lake ni moja: kazi ikikatika, nani ana haki ya kupata kitu cha kujikimu, na nani hana?

Kenya hakuna posho ya kukosa kazi

Tuanze na ukweli wenyewe. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi hiyo watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ni maneno mazuri. Lakini hakuna dirisha Kenya ambapo mtu aliyepoteza kazi jana anaweza kwenda leo akasema: nimechangia miaka minne, nipeni cha kula miezi michache nikitafuta kazi nyingine.

Wengi hudhani NSSF ni dirisha hilo. Silo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine, hadi kiwango kilichowekwa. Pesa hizo ni za uzeeni, miaka 60, au miaka 50 kwa aliyestaafu mapema. Hutolewa pia kwa ulemavu, kwa kifo au kwa mtu anayehama nchi moja kwa moja. Kijana wa miaka 29 aliyeachishwa kazi hazigusi.

Wengine hudhani iko "sevisi", yale malipo ya utumishi ya kila mwaka uliofanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 35, inayataja kweli. Kifungu hicho hicho kinasema hayamhusu mtu aliye mwanachama wa NSSF au wa mfuko mwingine wa pensheni uliosajiliwa. Kwa hiyo wengi wanaoyahesabu vidoleni kwenye baraza hawatayaona.

Kinachobaki ni kifungu cha 40 cha sheria hiyo hiyo, kinachohusu mtu anayepunguzwa kazini kwa sababu nafasi yake imeondolewa, si kwa kosa lake. Huyo lazima apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Lazima alipwe siku za likizo alizobakiza, na lazima alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Mwajiri anatakiwa pia kumjulisha afisa wa leba, na kama kuna chama cha wafanyakazi, chama hicho kijulishwe.

Nikamfanyia mpwa wangu hesabu hiyo pale pale nyuma ya bahasha yake. Miaka minne mara siku 15 ni siku 60, yaani mishahara miwili, shilingi 60,000. Ongeza mwezi wa notisi, shilingi 30,000. Jumla 90,000, mbali na likizo. Kodi yake ya nyumba ni 9,000. Maana yake ni miezi kumi ya kuwa na paa juu ya kichwa huku akitafuta kazi nyingine.

Hiyo ndiyo posho ya kukosa kazi tuliyo nayo Kenya. Hailipwi na serikali wala na mfuko wowote. Inalipwa na mwajiri, mara moja, na kwa mtu mmoja tu: mwajiriwa ambaye hakujiuzulu.

Sasa irudie ile bahasha. Karatasi ya kwanza inamfanya aliyejiuzulu. Karatasi ya pili inamfanya asiwe mwajiriwa. Karatasi mbili tu, na miezi kumi ya kodi imeyeyuka.

Shilingi 3,000 zinazonunua nini?

Haki ya mwenye kampuni nayo tuitaje. Mpwa wangu aliniambia, "Lakini mjomba, mkononi nitapata zaidi." Ni kweli, na hapo ndipo vijana wengi hunaswa.

Akiwa mwajiriwa wa 30,000, anakatwa NSSF 1,800, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 825, ada ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 450, na ushuru wa mshahara ambao baada ya nafuu unabaki kama 730. Mkononi anapata karibu 26,190. Akiwa mkandarasi wa 33,000, anakatwa asilimia 5 ya ushuru kabla ya kulipwa, yaani 1,650, na mkononi anapata 31,350. Tofauti ni zaidi ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa mtu wa Umoja, hiyo ni unga, ni umeme, ni nauli ya mwezi.

Lakini ile asilimia 5 si mwisho wa ushuru. Mkandarasi anatakiwa ajaze ripoti yake ya KRA ifikapo tarehe 30 Juni, na kwa mapato hayo, asipokuwa na gharama za kuonyesha, atajikuta na deni la zaidi ya shilingi 600 kwa kila mwezi aliofanya kazi. Ada ya nyumba nayo, chini ya sheria ya mwaka 2024, inamdai hata asiye na mshahara.

Halafu hesabu kilichoondoka kimya kimya. Akiba ya NSSF ya shilingi 3,600 kwa mwezi, nusu yake ikiwa ya mwajiri, imekatika. Siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka zimekwenda. Siku za ugonjwa zenye malipo zimekwenda. Akipata mtoto, wiki mbili za likizo ya baba zimekwenda, na kwa dada zetu miezi mitatu ya uzazi.

Bima ya afya nayo inabadilisha mlango. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi bila kufikiri. Asiye na mshahara huingia kwa mlango wa waliojiajiri, hupimwa uwezo wake, hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu ulioanza Oktoba 2024 ulimtaka alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Nawajua watu hapa Umoja na Kayole waliogundua kwamba bima yao imelala siku ile walipompeleka mtoto hospitali.

Sisemi kandarasi ni haramu. Fundi wa kompyuta mwenye wateja watano, mpiga picha wa harusi, dereva mwenye gari lake, hao ni wakandarasi kweli na inawafaa. Wana bei yao, wana saa zao, wakikosa kwa huyu watapata kwa yule. Wapo pia wenye biashara ndogo ambao wakilazimishwa kila kitu kwa siku moja watafunga milango, na kijana akose hata hizo 33,000. Lakini anayeambiwa saa ya kuingia, saa ya kutoka, nguo ya kuvaa na mtu wa kumwomba ruhusa akitaka kwenda mazishini, huyo uhuru wake uko wapi? Amepewa hatari za mfanyabiashara bila faida zake.

Sisi Waswahili tunaijua karatasi hii

Wazee wa pwani hawangeshangazwa na bahasha ya mpwa wangu. Neno letu "kibarua" lenyewe linatokana na barua. Lilikuwa kile kikaratasi kidogo alichopewa mtu wa kazi ya siku, kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili ujira wa siku hiyo. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, na mwisho likawa jina la mtu mwenyewe. Leo tunasema fulani ni kibarua bila kukumbuka kwamba tunamwita karatasi.

Bandari ya Mombasa ilijengwa kwa migongo ya vibarua. Asubuhi mtu alikwenda langoni, akichukuliwa alikula, asipochukuliwa alirudi. Migomo ya mwaka 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947, uliosimamisha mji karibu mzima, ilikuwa na madai mengi ya ujira na maisha, lakini nyuma yake kulikuwa na suala la mtu asiye na uhakika wa kesho. Miaka ya 1950 ndipo kazi ya bandarini ilipoanza kuandikishwa na kupangwa ili mfanyakazi awe na kazi ya kudumu zaidi.

Huku Nairobi, mitaa ya Eastlands ilikua kwa sababu hiyo hiyo ya kazi. Pumwani, ambako Majengo yake bado yanaongea Kiswahili chetu, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli. Umoja na Buruburu zikafuata miaka ya 1970. Watu waliwekwa upande huu ili viwanda viwapate karibu. Kwa hiyo mtu wa Eastlands akiyumba kazini, nyumba nayo inayumba, kwa maana viwili hivi vilijengwa pamoja.

Ninachokiona leo ni kwamba tunarudishwa langoni, ila safari hii kikaratasi kimepigwa chapa vizuri na kina nembo ya kampuni. Kwa mujibu wa Ripoti ya Uchumi ya mwaka 2025 ya shirika la takwimu la taifa, nafasi mpya za kazi zilizopatikana Kenya mwaka 2024 zilikuwa kama 782,300, na karibu tisa katika kila kumi zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Yaani ule ukuta wa ajira unaomkinga mtu ni mdogo tangu hapo. Sasa hata walio ndani yake wanaombwa watoke kwa mlango wa nyuma, tena watie sahihi kwamba wametoka wenyewe.

Sheria inatazama kazi, si jina

Hata hivyo, msomaji wangu, usidhani kila kilichoandikwa kwenye karatasi kimekwisha. Mahakama zetu za kazi zimezoea kuuliza mambo mengine. Nani anaamua kazi ifanywe vipi na saa ngapi? Vifaa ni vya nani? Mtu huyu anaweza kumtuma mwingine afanye badala yake? Anaruhusiwa kufanyia wengine? Majibu yakionyesha kwamba mtu anaongozwa kama mwajiriwa, jina la "mkandarasi" linaweza kuwekwa kando.

Sheria ya Ajira yenyewe, kifungu cha 37, inamlinda kibarua. Akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwezi. Akizidisha miezi miwili mfululizo tangu kuanza kwake, anastahili masharti ya mwajiriwa. Na kifungu cha 10 kinasema mwajiri asipotoa mkataba ulioandikwa, mzigo wa kukanusha masharti anayodai mfanyakazi unamwangukia yeye.

Mwaka 2013, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Wrigley, Jaji James Rika wa Mahakama ya Ajira alikubali kwamba mwajiri anaweza kuwapa watu wa nje baadhi ya kazi zake, lakini njia hiyo isitumiwe kukwepa wajibu kwa wafanyakazi alio nao. Na Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya na wasimamizi wa maudhui zaidi ya 180 waliofanya kazi hiyo Nairobi kupitia kampuni nyingine. Kesi yenyewe ni ndefu, lakini swali lake kuu ni la mpwa wangu: aliyeandikwa kwenye karatasi kuwa mwajiri, je, ndiye mwajiri wa kweli?

Tatizo ni kwamba mahakama huja baadaye. Kodi ya nyumba huja tarehe tano. Kushinda kesi baada ya miaka miwili hakumsaidii mtu aliyefungiwa mlango mwezi wa pili. Kwa hiyo haki ya kweli ni ile inayolindwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Majirani wetu wamefanyaje?

Wenzetu wa Tanzania, ng'ambo ya Lunga Lunga, wana kitu ambacho sisi hatuna. Kwa mageuzi ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na akapoteza kazi anaweza kulipwa fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Si pesa nyingi, lakini ni theluthi ya mshahara inayokuja kila mwezi huku mtu akizunguka na bahasha ya vyeti vyake.

Lakini soma masharti yake uone. Aliyeacha kazi kwa hiari hapati. Na miezi inayohesabiwa ni miezi uliyochangiwa. Chukua mtu aliyekuwa mwajiriwa miezi kumi, akageuzwa mkandarasi mwaka mzima bila michango, akarudi kuwa mwajiriwa miezi saba, kisha akaachishwa kazi. Amefanya kazi miezi 29. Kwenye daftari ana 17. Amekosa kwa mwezi mmoja, na wala hakulala hata siku moja.

Afrika Kusini nako kuna mfuko wa bima ya kukosa kazi ambako mwajiri huchangia asilimia 1 na mfanyakazi asilimia 1. Huko pia mkandarasi huru yuko nje, na aliyejiuzulu kwa kawaida yuko nje. Kwa hiyo kuwa na mfuko peke yake hakutoshi. Mfuko unaomjua mwajiriwa tu utawakosa hasa wale wanaoruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hao ndio wanaouhitaji zaidi.

Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu mazungumzo ya kuanzisha mfuko kama huo yamekuwa yakienda na kurudi, hasa tangu korona. Mwaka 2020 serikali ilileta Kazi Mtaani, ikaanza na mitaa ya Nairobi kama Mathare, Mukuru na Korogocho, na huko kwetu Mombasa, Kilifi na Kwale. Iliwasaidia vijana kula. Lakini ilikuwa kibarua kingine, ilipokwisha, iliisha. Siku mfuko wa kweli utakapoletwa bungeni, wabunge wetu wa pwani na wa Eastlands wasikubali upite bila mambo matatu.

Kwanza, uhesabu miezi ya kazi, usihesabu jina la kazi. Miezi ya uajiriwa na miezi ya kandarasi iunganishwe kwenye daftari moja.

Pili, mchango ukatwe pale pesa inapotoka. Watasema mkandarasi ni vigumu kumfuatilia. Mbona KRA inamfuatilia? Anayemlipa hukata asilimia 5 na kuipeleka serikalini kabla mwenyewe hajaiona. Serikali inayojua kumpata mkandarasi siku ya kumtoza haiwezi kusema haimjui siku ya kumsaidia.

Tatu, barua ya kujiuzulu iliyoandikwa na mwajiri isihesabiwe kuwa ya hiari. Mtu akijiuzulu leo na kesho yupo kwenye kiti kile kile akifanya kazi ile ile, hiari iko wapi?

Kabla ya kutia sahihi

Mfuko huo bado haujaja, na bahasha zinakuja kila wiki. Nilimwambia mpwa wangu mambo machache, nami nawaambia na nyinyi.

Usitie sahihi siku hiyo hiyo. Omba siku za kusoma, na upate nakala yako. Anayekukataza kuondoka na nakala amekwisha kukuambia kitu.

Usiandike kwamba umejiuzulu kama hukujiuzulu. Ikiwa kampuni inaondoa nafasi yako, iandike hivyo yenyewe. Hapo kifungu cha 40 kinaamka.

Kama kandarasi huwezi kuikwepa, basi funga kwanza hesabu ya zamani. Dai notisi, likizo, siku 15 kwa kila mwaka, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako kisheria. Ukirudi kuwa mwajiriwa siku za mbele, usikubali miaka ya nyuma izikwe bila malipo wala maandishi.

Weka ushahidi. Picha ya kadi ya kazi, hati za mshahara, ratiba za zamu, ujumbe wa msimamizi akikuamuru uje saa kumi na mbili, taarifa za M-Pesa au benki. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kazi nayo ni mali.

Ukidhulumiwa, ofisi ya leba hupokea malalamiko bila ada. Anayelipwa chini ya shilingi 80,000 anaweza kwenda kwa mahakama ya hakimu, si lazima apande Milimani. Lakini usilale, sheria inakupa miaka mitatu tu tangu jambo litokee.

Na ukishakuwa mkandarasi, jijengee ukuta wako. NSSF ina mpango wa Haba Haba wa kuchangia kuanzia shilingi 25 kwa siku. Kuna chama cha akiba na mikopo, kuna chama cha mtaani. Lipa SHA kabla ya ugonjwa. Katika ile nyongeza ya shilingi 5,000, ule moja, mbili zikae. Mimi mwaka 2019 nilikula zote tano.

Jumatatu mpwa wangu alikwenda kazini na bahasha yake. Aliwarudishia barua ya kujiuzulu bila sahihi, akaomba kwa adabu waandikiwe wao wote, maana wako kumi na mmoja, barua inayosema nafasi zao zimeondolewa na hesabu ya miaka yao ni hii. Aliogopa, hakunificha. Wenzake wanne walikuwa wametia sahihi tangu Ijumaa.

Jioni akanipigia simu kutoka kituoni. Nyuma yake nilisikia makanga wakiita abiria wa Umoja na Donholm.

"Wameniambia watanijibu Ijumaa, mjomba."

"Wamekuandikia hilo?"

Akanyamaza kidogo. "La. Wamesema tu kwa mdomo."

"Basi kesho asubuhi," nikamwambia, "waombe wakuandikie."